Mayai ya Kambale na Maji ya Kumwogesha Mtoto

Jumamosi, Juni. Ukungu tangu alfajiri, baridi ya kufanya ng'ombe wagome kutoka zizini.

Naandika nikiona aibu, maana leo nimewapika watoto wa kikundi chetu kizima cha wafuga samaki. Ni watoto wa samaki, lakini kwa jinsi nilivyotazamwa ungedhani ni wa watu.

Juzi bwana samaki (mtaalamu wetu wa ufugaji, kijana wa Mwanza, mpole, kosa si lake) alitukamulia mayai ya kambale majike wawili: mmoja mnene, mayai yake makubwa kama ulezi, na mmoja mwembamba. Dume tulimchinja kupata mbegu, kwa hiyo hakuna kurudia, mabwawa yetu yote hapa Maretadu yalikuwa yanasubiri beseni mbili tu za mayai, moja kwa kila jike, za kutunzwa nyumbani mpaka yaanguliwe. Nikadai ya yule mnene, nikasema mbele ya watu, "Mama Paulina apewe ya mwembamba, yeye husahau hata sufuria jikoni, na mtoto hufuata mama." (Nilisema kweli, siwezi kujisafisha hapa.)

Bwana samaki alituambia maji yawe vuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto mchanga, watatoka kwa siku moja na nusu. Yakipoa watachelewa tu, tusihangaike. Mimi nikahangaika. Leo asubuhi hakuna kinachocheza, kikundi kinakuja saa nne, nikachukua birika la maji ya moto nikaongeza kidogo, nikapima kwa mkono, nikaongeza tena.

Walipofika nikafunua. Mayai meupe pe. Bwana samaki akachovya kidole akakitoa haraka.

"Shikamoo mama. Huku mnaogesha watoto kwa maji haya?"

"Ndiyo!" wakajibu wamama wote. "Kwa baridi hii unataka wafe?"

"Watoto sawa," akasema Mama Paulina, "ila hawa, Mama Daniel, umewanyonyoa kama kuku."

Walicheka mpaka wakashika ukuta. Tukaenda kwake. Beseni iko kwenye kona ya stoo, maji baridi, alikuwa ameisahau tangu jana, na ndani vijisamaki vinaanza kutikisa mikia, vichache, polepole.

"Mtoto hufuata mama, si ulisema?" akaniambia. " Wazito, lakini wazima. Tutagawana."

Jike mnene hana lawama. Mkono wangu umesonga ugali miaka ishirini, haujui tena moto ni nini, na sitaupimia tena kitu cha watu.

Jioni tumekula ugali na yule dume niliyemkausha tangu juzi, baba yao. Kichwa nimemwachia Baba Daniel, sikuweza kumtazama machoni.