Halua Imepanda Ndege, Kanzu Zimebaki

Uwanja wa ndege wa Maskati naujua kuliko marubani, lakini la juzi sijapata kuliona. Mbele yangu kwenye foleni walikuwa mume na mke, watu wazima wa mtaa wa Bawshar, wanakwenda likizo Uchina kwa mtoto wao anayefanya kazi huko. Binti wa kaunta akatazama mizani.

“Bi mkubwa, mzigo umezidi. Punguzeni.”

Bibi akafungua sanduku pale pale. Halua haikuguswa, tende hazikuguswa. Zilitoka kanzu za mumewe, zote, akakabidhiwa mpwa aliyewasindikiza.

“Ebo! Mie ntavaa nini huko?”

“Kwani nguo zote si zatoka Uchina? Utanunua shinani. Halua hii mwanangu haipati.”

“Wachina na kanzu wapi na wapi?”

Bibi alimpindua mumewe shingo ya kanzu aliyovaa, akamwonyesha binti lebo. Binti akaisoma, akaziba mdomo kwa ushungi.

Mzee akavua kofia, akachungulia ndani, akairudisha kichwani upesi.

Mimi kofia yangu, ambayo Maskati nzima inajua nimeshonewa kwa mkono Unguja, tangu siku ile sijathubutu kuichungulia.