Jumapili za Kupiga Njiwa

Njiwa waliingia kiwandani kwa sababu mlikuwa na joto. Asubuhi ya Kericho ina baridi ya kuuma masikio, na kule ghorofa ya juu, majani mabichi yalikotandazwa yanyauke kabla ya kusagwa, feni zilipuliza hewa ya moto mchana na usiku. Ndege wakajenga viota juu ya mabomba, kinyesi chao kikawa kinaangukia majani. Siku bwana meneja alipookota unyoya ndani ya chai iliyokwisha kukauka, alituita uwanjani akauliza nani kati yetu amewahi kushika bunduki.

Mimi nilikuwa mchumaji tu, mtu wa Maragoli niliyefuata kazi kama wengi wa kwetu. Lakini kabla ya hapo nilikuwa kwa mkulima mmoja upande wa Kitale, na huko nilifundishwa kufukuza ndege kwenye mahindi kwa bunduki. Nyapara alijua habari hiyo, akanisukuma mbele. Hivyo ndivyo nilivyotua kikapu mgongoni nikapewa bunduki. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini.

Zilikuwa bunduki mbili. Ya upepo ilikuwa ya ndani, kwa sababu kirisasi chake hakikuweza kutoboa mabati wala mabomba. Nyingine ilikuwa ya marisau, vile vipunje vya risasi vinavyotoka kwa pamoja na kutawanyika hewani, na hiyo niliitumia nje, kwenye uwanja wa kuni.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ugumu ulikuwa watu. Kiwanda chetu hakikuwa porini: upande mmoja nyumba za makarani, upande wa pili kambi yetu wafanyakazi, na chini kidogo zahanati. Yule mkulima wa Kitale alikuwa amenifundisha nisiangalie ndege kwanza, niangalie kilicho nyuma ya ndege. Njiwa akitua ukingoni mwa paa na nyuma yake kuna mlango wa mtu, huyo si wangu, nimwache aende. Marisau yakipigwa juu sana hurudi chini kama mvua ya mawe iliyochoka. Yakipigwa sambamba na ardhi huenda hadi kwa jirani yakiwa na nguvu zake zote. Kwa hiyo nilisimama mahali pamoja tu, nikielekea kilima cha chai, na nilifyatua pale tu kilima chote kilipokuwa kitupu.

Na kilima kilikuwa kitupu siku ya Jumapili. Mashine zimelala, hakuna anayechuma, na watu wengi wamevuka bonde kwenda kanisani. Waliobaki, akina mama wenye nguo za kufua na wanaume waliokesha kwenye pombe ya busaa, niliwapitia mlango kwa mlango nikiwaomba wakae ndani au waende uwanja wa mpira. Kisha niligonga kile kipande cha reli kilichokuwa kengele yetu, nikapandisha kitambaa chekundu getini.

Bawabu wa geti alikuwa mzee wa Kipsigis, mtu wa maneno machache.

"Mzee," nilimwambia siku ya kwanza, "hii kitambaa ikiwa juu, hakuna mtu anaingia."

"Na akiwa meneja?"

"Hata meneja."

"Na chifu?"

"Hata chifu, mzee. Mpaka mimi mwenyewe nikuje niteremshe."

Alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena, na hakuvunja agizo hata mara moja.

Sikujua kwamba kazi ya kuwaondoa watu ingenifuata hadi siku zisizo na bunduki. Nilifika kwenye mfereji wa maji katikati ya juma, na akina mama wakawavuta watoto wao karibu. Niliingia kwenye duka la Mkikuyu aliyekuwa nje ya geti, na mazungumzo yakakatika. Hawakunichukia. Walizoea tu kwamba nikitokea, wao huondoka. Kanisani nilikuwa nimeimba sauti ya chini kwa miaka miwili. Sasa nilisimama kwenye uwanja wa kuni nikisikia nyimbo zikiletwa na upepo vipande vipande, na mwanzoni nilijidanganya kwamba wanaikosa sauti yangu. Baadaye nilimsikia mtu mwingine akiiimba, tena vizuri.

Mke wangu alibaki nyumbani na mama yangu mzee, wakilima shamba letu dogo. Tulionana nilipopewa likizo, mara moja kwa mwaka.

Jumapili moja nilikuwa nimepiga tangu asubuhi. Njiwa walikuwa wamejua hila zangu, wakawa wanazunguka mbali kabla ya kutua, kwa hiyo nilingoja sana. Mara moja niligeuka nikaona lori limesimama mbali barabarani, na mtu mwenye kitambaa cha manjano kichwani amesimama kwenye geti. Nikafurahi kwamba mzee anafanya kazi yake, nikarudisha macho kwenye kilima.

Nilipomaliza, nilifungua bunduki nikaikunja mkononi, nikaokota ndege, nikaenda kuteremsha kitambaa. Mzee alikuwa amekaa kwenye gogo. Kando yake palikuwa na kikapu, na kuku aliyefungwa miguu.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yako. Bibi yako alikuwa hapa."

"Bibi yangu? Yuko wapi?"

"Amekwenda. Lori ilikuwa ya kanisa ya kwenu, inapeleka akina mama mkutano Kabianga. Dereva aliwangojesha kidogo, halafu akapiga honi, akapiga honi. Mama akasema basi."

"Mzee, kwa nini hukuniita?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe ulisema hata chifu."

Ndani ya kikapu mke wangu alikuwa ametia unga wa wimbi, njugu za kukaanga na fulana iliyofumwa kwa mkono.

Kabianga haikuwa mbali sana. Ningekimbia wakati ule ule ningewakuta. Lakini nilikuwa na bunduki mkononi, na bunduki haiachwi kwa bawabu, wala haifichwi chini ya kitanda. Ilikuwa na kabati lake la chuma nyumbani kwa meneja, na ufunguo alikuwa nao yeye mwenyewe. Nilipanda hadi kwake. Mpishi akaniambia bwana amekwenda klabu kucheza gofu.

Nilikaa barazani, bunduki wazi magotini, risasi zikiwa mfukoni. Mpishi aliniletea chai, akaiweka mwisho kabisa wa baraza, akarudi ndani. Jua lilipita juu ya mikaratusi. Mawingu yakaanza kupanda kutoka upande wa ziwa, kama yanavyopanda kila alasiri katika nchi ile, na mvua ya kwanza ilikuwa imeanza kupiga mabati meneja aliporudi. Nilimkabidhi bunduki. Aliuliza habari za njiwa. Nikamwambia wamepungua.

Nilikwenda Kabianga kwa miguu, nikikata katikati ya chai, suruali imelowa hadi mapajani. Nilipofika, uwanja wa kanisa ulikuwa na matope, maganda ya ndizi na alama za magurudumu. Mwalimu mmoja aliyekuwa akibeba viti aliniambia malori ya Maragoli yameondoka kabla ya mvua. Alinikaribisha nijikaushe jikoni kwake. Nikamshukuru, nikarudi.

Yule kuku sikumchinja. Alikaa nami chumbani mpaka nilipopata likizo.

Nyumbani, siku nzima ya kwanza hatukuzungumza juu ya jambo lile. Jioni, tukipukuchua mahindi, nilimuuliza mke wangu, "Siku ile ulikuja na habari gani? Kulikuwa na ugonjwa?"

"Sikuwa na habari."

"Sasa?"

"Nilitaka tu kuona mahali unapolala, baba. Nikikufikiria usiku, sijui nikuweke wapi."

Akaniuliza kama nilikuwa nimemwona. Nikasema niliona kitambaa cha manjano. Akacheka kidogo, akasema yeye alisikia mlio, akamuuliza mzee ni nani anayepiga. Alipoambiwa ni mimi, akawa anangoja mlio mwingine. "Ulikuwa unakawia sana," alisema. "Nikaona heri niende wakati inalia, nikijua uko pale, nisiende wakati imenyamaza."

Basi nikamweleza chumba changu. Kitanda cha mbao, dirisha dogo linaloangalia bomba la kiwanda, moshi unaoingia upepo ukigeuka. Aliuliza nani anaishi upande wa pili wa ukuta. Nikasema ni Mkisii mmoja. Ana watoto? Sijui. Ametoka kijiji gani? Sijui. Mke wangu aliacha kupukuchua, akanitazama kwa muda, kisha akaendelea.

Niliporudi Kericho nilimwomba meneja nirudi kwenye kikapu. Hakupenda, ila alikubali nikimpata mtu wa kushika nafasi yangu. Nilimfundisha kijana mmoja wa Bomet, mtulivu, mwenye subira, na kabla sijamwonyesha njiwa hata mmoja nilimzungusha kwenye kila mlango wa kambi. Haikupita miaka mingi wakatia nyavu za waya kwenye madirisha yote ya ghorofa, na kazi ile ikaisha yenyewe.

Lakini jioni ile ile niliyomkabidhi yule kijana bunduki, kabla sijavua viatu, nilikwenda kubisha mlango wa jirani. Yule Mkisii alifungua nusu, akaangalia kwanza mikono yangu.

"Tutoke?" aliuliza. "Leo si Jumapili."

"Hapana," nikamwambia. "Nimekuja kukusalimu."

Akaufungua mlango wote. Kisha akasogeza kibao kwa mguu, akamwambia mke wake aongeze maji kwenye sufuria ya chai. Nilikaa. Hatukuwa na mengi ya kuambiana jioni ile, lakini nilimuuliza kijiji chake, naye akanitajia.