Awoi Aliambiwa Angoje

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Kakuma, na hasira niliyo nayo ni ya kujikasirikia mwenyewe. Sina wa kumsukumia.

Awoi alikuja kliniki akiwa na mimba ya miezi mitano. Muuguzi akampaka siki kwenye mlango wa kizazi, pakageuka peupe, dalili kwamba huenda pana hatari ya saratani. Nikampeleka Lodwar. Daktari akakata kinyama kidogo kikapimwe, na majibu yaliporudi akaeleza kwamba hiyo bado si saratani, ila ikiachwa inaweza kuwa saratani. Kuitoa sasa kungemwaga damu na kuhatarisha mimba. Ajifungue kwanza, wiki sita zikipita arudi atibiwe.

Ejore, mumewe, hakupendezwa kabisa. "Mbuzi iko na jipu, tunapasua," aliniambia. "Hatuambii jipu ingoje mpaka mbuzi izae."

Nikamtuliza. Nikamwambia Awoi angoje tu, siku ikifika nitamfuata mwenyewe. Kwenye fomu, palipoulizwa makazi, nikaandika Nakalale. Mimi, binti wa wafugaji, niliyezaliwa njiani mifugo ikihama, niliandika hivyo kana kwamba wana nyumba ya mawe!

Siku ilipofika nilikwenda Nakalale, nikakuta majivu na ua mtupu wa miiba. Simu ya Ejore haikupatikana. Kwa miezi mitano nilipiga namba ile ile na kuandika "hajapatikana", kama karani asiyejua nchi yake. Mturkana hatafutwi kwa fomu. Unauliza kisimani, kwa maana kila anayehama hunywesha mifugo, na wanaochota maji wanajua nani kapita na kaelekea wapi.

Nilipopata akili ya kuuliza, jibu lilikuja asubuhi moja tu. Walihamia upande wa Lokiriama, kufuata majani.

Nilimkuta Awoi akinyonyesha, mtoto ana miezi saba. Badala ya salamu nikamgombeza: mbona hukurudi?

Alinitazama kwa mshangao. "Nangiro, si ulisema ningoje, utakuja? Ejore alitaka kunipeleka mara mbili. Mimi nikakataa."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, nami nilikuwa nimemfundisha kungoja.

Akamfunga mtoto mgongoni, tukapanda pikipiki kwenda Lodwar. Njiani akaniuliza sikioni, bila ubaya wowote:

"Na hiyo ugonjwa, nayo ilingoja?"