Kompyuta Iliyodai Shikamoo

Mke wangu nusura aipige kompyuta kwa mwiko, kisa imekataa kufanya kazi mpaka aiamkie.

Nisikilizeni vizuri, wala sijalewa.

Mimi na mke wangu tuna studio ndogo ya picha kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mimi napiga, yeye anazipanga kwenye kompyuta. Mvi zimenijaa, lakini shule ya jioni sijawahi kuipa kisogo. Nilianza na hesabu, nikaja na Kiingereza, na mwaka huu nikajiandikisha somo la amri za kompyuta.

Darasani wote ni umri wa wajukuu zangu. Nikakaa mstari wa mbele.

Mambo yenyewe ni hivi. Unafungua dirisha jeusi, halina vitufe wala mapambo, unaandika amri. Zikiwa nyingi, unazipanga kwenye faili moja, wenyewe wanaliita skripti. Ukiliita jina tu, mashine inazitekeleza zote mfululizo, wewe umekunja nne.

Mama watoto alikuwa akibadilisha majina ya picha moja moja, akizipunguza ukubwa moja moja, mpaka kiganja kikawa kinamuuma. Nikaandika skripti. Nikabonyeza.

Aisee! Picha za harusi nzima zilijipanga kama askari kwenye gwaride kabla sijamaliza kupiga chafya.

Nilicheza. Kiuno chenyewe kilishangaa.

"Baba watoto, umepagawa?" mke wangu akauliza mlangoni.

"Njoo uone! Mumeo kaajiri mtu asiyekula wala kulala!"

Hapo kichwa kikavimba. Nikaongeza mistari michache mwanzoni. Skripti iulize kwanza, "Salamu?" Ukiandika shikamoo, inajibu "Marahaba" na kuchapa kazi. Usipoandika, inakwambia: "Sijasikia heshima yako. Rudia."

Kazi ya mzee iheshimiwe, ama vipi?

Asubuhi moja jino likaniuma kupita kiasi, nikaenda kwa daktari wa meno. Kabla ya kutoka nikamwambia mke wangu, "Mkuu wa chuo cha wauguzi anafuata picha za wanafunzi wake kabla ya adhuhuri. We iite skripti tu."

Habari ya salamu nikaisahau kabisa.

Na mkuu yule alishatuonya: tukichelewa tena, kazi yote ya chuo inahamia studio ya ng'ambo ya barabara. Chuo ndicho kilichokuwa kinatubeba. Kikiondoka, tunafunga.

Niko kwenye kiti, mdomo una ganzi, simu ikaita. Daktari, binti mcheshi, akaiweka kwenye spika.

"Baba watoto! Mashine yako inataka nini?"

"Hihahoo," nikasema.

"Nini?"

"Anasema shikamoo, mama," daktari akatafsiri.

Mke wangu akawaka.

"Yaani mimi, niliyekuzalia watoto, niliamkie bati lako? Na mkuu wa chuo kakaa hapa ananitazama nimeinua mwiko?"

Nikasikia akichapa kwa hasira.

"Haya, nimeandika! Inasema haijasikia heshima yangu!"

Hapo nikang'amua. Mke wangu ni mtu wa mwandiko safi. Ameanza na herufi kubwa! Na kwa mashine, "Shikamoo" na "shikamoo" ni watu wawili wasiojuana.

"Heuhi hohoo!" nikapiga kelele. "Heuhi hohoo!"

"Daktari, anasemaje?"

"Mama, hapo hata mimi nimegonga mwamba."

Simu ikakatika.

Sikungoja jino. Nilichomoka na kitambaa cha daktari shingoni, mbio kama mwizi wa kuku.

Mlangoni nikapishana na mkuu wa chuo, flashi yenye picha mkononi, anacheka peke yake.

"Shikamoo mzee. Mna fundi hodari humu ndani!"

Nikaingia. Mke wangu anakunywa chai.

"Uhefanyahe?"

"Nimelifungua faili lako, nikafuta mistari ya majivuno. Kila jioni unanisomea daftari kwa sauti kama mtangazaji, ulidhani unausomea ukuta? Mwalimu wako ana wanafunzi wawili nyumba hii, mmoja hajawahi kukanyaga darasani."

Nikacheka kwa nusu ya mdomo, mate yananichuruzika.

"Jaribu sasa," akasema, mpole kupita kiasi.

Nikaiita skripti. Ikauliza: "Nani bosi wa nyumba hii?"

Nikaandika: mimi.

"Sijasikia heshima yako. Rudia."

Nikaandika: Mke wangu.

"Sijasikia heshima yako. Rudia."

"Herufi ndogo, baba watoto," akaninong'oneza, akipuliza chai yake.

mke wangu.

"Marahaba."

Jino nilirudi kulitoa kesho yake. Daktari akanipokea mlangoni: "Hihahoo, mzee!"

Ndugu zangu, someni hata kama mvi zimefika kwenye nyusi. Ila ukiweka mlango wa kudai heshima, jua utaupitia na wewe, tena umeinama.