Mkasi wa Kamba

Marehemu mke wangu alikuwa fundi cherehani, na moyo wake ulikuwa unamsumbua. Daktari akamwambia alale kila mchana, la sivyo aache kushona. Mimi nikamwambia aache. Akanikata jicho.

"Baba watoto, mchana ninao. Kuna vitu vinautafuna tu."

Akakaa kutwa akivichunguza. Kumbe kila saa alikuwa anasaka mkasi chini ya vitambaa. Akaufunga kwa kamba ndefu kwenye meza. Bobini zote akawa anazijaza uzi asubuhi. Mwisho akalitoa nje benchi la wateja, maana walikuja kupimwa nguo wakabaki kupiga soga.

Shoga yake mmoja akaja juu. "Ndiyo umetufukuza, mama?"

"Nimefukuza benchi, mwenzangu. Wewe karibu, simama."

Walicheka mpaka wakashikana mikono. Lakini mchana ulipofika mke wangu alijinyoosha kwenye mkeka, akalala fofofo, na sare za watoto wa shule zikatoka kwa wakati. Alishona hivyo miaka mingi, hadi wiki aliyofariki. Cherehani hakuiacha, na usingizi hakuukosa. Nani mwingine angeweza?

Sasa niko peke yangu. Majirani wakija kuazima mkasi nawaambia wakatie papo hapo, kamba haifunguliwi. Ikiwa ni mchana wanakata, wanaondoka polepole. Wanajua huo ni wakati wake wa kulala, na siku hizi mkeka ule naulalia mimi.