Kompyuta Zilisema Nimetoka Shimoni

Jumanne. Mwezi wa saba tangu niondoke Tosamaganga.

Leo nusura nilipuliwe mgodini huku Chunya, na kompyuta zote zinasema nimeshatoka shimoni.

Ilikuwa hivi. Mchana nilipanda kunywa maji, kadi yangu ikasoma nimetoka. Wakati wa kurudi, umeme wa getini ulikuwa umekatika. Mlinzi akasema, "Pita tu, kaka."

Jioni wakajiandaa kulipua mwamba. Kompyuta ya getini ikaonyesha hakuna mtu chini. Kompyuta ya taa za kichwani ikaonyesha taa moja haijarudi.

Hizo mbili hazijawahi kukubaliana, tumeshazoea. Msimamizi akamwambia dada anayegawa taa, "Rekebisha ya kwako zifanane."

Akarekebisha.

Ambwene, Mnyakyusa ninayekaa naye chumba kimoja, akaona kandambili ninazoacha mlangoni pa chumba cha taa nikivaa buti za mgodi.

"Bosi, Mhehe wangu bado yuko chini!"

"Kompyuta zote mbili zinasema katoka."

"Katoka peku?"

(Haya nimesimuliwa. Mimi nilikuwa napakia mawe, sisikii hata filimbi.)

Ambwene akashuka mwenyewe kunifuata.

Mnajua msimamizi aliniambia nini nilipofika juu? "Kesho uwe makini na kadi." Basi. Yule dada analia tu, hata kunitazama hawezi.

Semeni ukweli, ninyi mngeshuka tena kesho?

Mama Neema, mke wangu, nilikuahidi kurudi Krismasi. Nisubiri Jumamosi.