Kiwanja Bila Mikorosho

Pale mtaani Picha ya Ndege, Kibaha, ukimtaja Bi Hajra Pazi, watakuambia ni mkaidi. Ni kweli, na mimi mpangaji wake wa mwaka wa sita nasema afadhali. Angekuwa mlaini, hivi vyumba vitano visingekuwepo, na yeye na miaka yake sitini angekuwa bado anakaanga vitumbua stendi.

Ukaidi huo aliupatia Chole, kule Kisarawe. Baada ya kufiwa na mume alichukua akiba ya miaka kumi na moja ya vitumbua, akanunua kiwanja kwa Shomari, jamaa wa marehemu. Mwenyekiti akagonga muhuri, mashahidi wakasaini, wali ukaliwa. Kiwanjani palikuwa na mikorosho saba, na Bi Hajra hakuuliza nani aliipanda. Ukinunua nyumba, unauliza milango ya nani?

Msimu ulipofika akaja Maulida, dada yake Shomari, na ndoo mbili, akaanza kuokota korosho.

"Dada, unafanya nini kwangu?"

"Ardhi ya kwako, dada. Mikorosho ya kwangu. Baba alinipandia nilipozaliwa."

Wazee wakaitwa, wakampa haki Maulida. Ardhi ni jambo moja na miti ni jambo jingine, na kule kila mtoto analijua hilo. Msingi haukuweza kuchimbwa bila kukata mikorosho minne, na Maulida hakutaka hata tawi liguswe. Siku moja nilimuuliza Bi Hajra kama alimchukia yule mwanamke. Alinikata jicho.

"Nimchukie kwa nini? Alikuwa anatetea chake. Mjinga nilikuwa mimi, niliyeongea na mwanamume mmoja nikadhani nimeongea na ukoo."

Akamrudishia Shomari kiwanja chake kwa hasara, akaja Kibaha na kilichobaki.

Hapa dalali Hamidu akampeleka kwa Magembe, mfugaji aliyehamia kutoka Mwanza, aliyetaka kuuza kiwanja aongeze ng'ombe. Safari hii Bi Hajra alizunguka kwa majirani siku nne, akiuliza habari za njia, maji, makaburi na kila mti uliosimama. Hamidu akachoka.

"Mama, unanunua kiwanja au unaposa?"

"Kuposa ningekuwa nimeshamaliza, mwanangu."

Siku ya kuandikiana walikutana ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa. Kalamu ikatolewa. Bi Hajra akamgeukia Magembe.

"Mkeo yuko wapi?"

"Yuko shamba, Mlandizi. Mwenye nyumba ni mimi."

"Aitwe."

Hamidu akaruka. "Mama, usituharibie! Kuna mteja anatoka Mbezi, saa tisa yuko hapa."

"Basi auziwe yeye."

Maneno hayo aliyasema kwa kiburi, lakini mwenyewe aliniambia alikuwa anamwomba Mungu yule mteja asitokee. Ile ilikuwa hela yake ya mwisho, na umri wa kukaanga vitumbua miaka mingine kumi na moja hakuwa nao. Hata hivyo aliketi pale kwenye benchi, akinuniwa na kila mtu, hadi saa nane Juliana, mke wa Magembe, alipofika na vumbi la shamba miguuni. Akaamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba, kisha akaambiwa alichoitiwa.

"Kiwanja kipi? Kile tulichofyeka wote?"

Kumbe mama wa watu hakuwa ameambiwa lolote! Juliana akamtazama mumewe, kisha mwenyekiti.

"Kiuzwe, sikatai. Ila nusu yangu naipokea mimi, kwa mkono wangu."

Magembe akasimama. "Basi siuzi!"

"Na mimi sinunui," akasema Bi Hajra. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Hakuwa anatisha mtu. Alikuwa anaondoka kweli, na machozi yalikuwa yanamtoka, kwa sababu kiwanja kile alikuwa amekipenda. Lakini kununua tena kwa mdomo mmoja, hapana. Alikuwa ameshafika barabarani aliposikia akiitwa. Juliana alikuwa amesimama mlangoni na kalamu mkononi.

"Rudi, mama. Naanza kusaini mimi. Yeye akitaka ng'ombe wake, atasaini chini yangu."

Bi Hajra akarudi. Juliana akaandika jina lake taratibu, herufi kubwa kubwa, akamsogezea mumewe karatasi. Magembe akainama, akasaini chini yake.